Jirani Tusiyemwona

Amri ya kumpenda jirani twaijua sote. Watoto wa kipaimara huikariri pasipo kukosea. Walakini kuijua amri ni jambo moja, na kumjua jirani mwenyewe ni jambo jingine. Yule mwana-sheria aliyemjia Bwana Yesu, kama tusomavyo katika Luka 10, hakuwa na shaka juu ya amri. Shaka yake ilikuwa juu ya mpaka: jirani aanzia wapi, na aishia wapi? Bwana hakumpimia mpaka wo wote. Alimsimulia habari za mtu aliyelala njiani, asiyetajwa jina wala kabila, asiye na nguvu hata za kuomba msaada.

Katika maneno haya nataka tumfikiri mmoja ambaye hali yake yafanana na ya mtu yule, ila yeye amefichika zaidi. Hatumwoni, wala hatujasikia sauti yake, wala jina hana. Hata hivyo yumo katika kila kijiji na katika kila usharika, na kila Jumapili huja kanisani pamoja nasi. Ndiye mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Nauliza basi: Je, huyu naye ni jirani yetu? Na kama ndiye, tuna deni gani kwake kabla hajazaliwa? Mtu asidhani ya kuwa swali hili ni la wenye elimu tu. Lahusu ni nani atakayechota maji leo jioni, na ni nani atakayesimama kaburini mtoto asipofika salama.

Tangu zamani wenye hekima walitamani kuijua siri ya tumbo la uzazi. Aristotle, Myunani, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha ya kuwa mtoto wa kiume hupata umbo kama siku ya 40, na wa kike kama siku ya 90. Baadaye, katika miaka ya 1600, watu walipokwisha kupata hadubini, wengine walidhani ya kuwa ndani ya mbegu ya baba mna mtu kamili aliyekunjwa, mdogo mno, asiye na kazi ila kukua tu. Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer alilitambua yai la uzazi la mnyama anyonyeshaye, na tangu hapo elimu ilizidi kushika njia iliyo sawa. Sasa twajua ya kuwa mtoto hafyatuliwi mara moja kama tofali katika kalibu. Hufumwa kidogo kidogo, kila kiungo kwa zamu yake. Mtunga Zaburi ya 139 hakuwa na hadubini, lakini aliutumia mfano wa mfumaji. Ayubu naye, katika sura ya 10, alitaja maziwa yagandavyo, kisha ngozi na nyama, mifupa na mishipa. Sisemi ya kuwa Biblia ni kitabu cha utabibu. Nasema ya kuwa watu wale waliomwomba Mungu walitambua kwamba katika giza lile mna kazi inayofanyika, na mwenye kazi hakosekani.

Na tuifuate basi kazi hiyo mwezi kwa mwezi. Matabibu huhesabu siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ingawa mimba yenyewe hutungwa kama wiki 2 baadaye. Nitakapotaja wiki, nafuata hesabu yao.

Katika mwezi wa kwanza mbegu ya baba na yai la mama huungana, kisha kile kitu kidogo husafiri na kujipandikiza katika ukuta wa tumbo la uzazi. Mwisho wa wiki ya 4 bado ni kidogo kuliko punje ya ulezi. Mama mwenyewe mara nyingi hajui lo lote. Huenda analima, au anakwenda sokoni, kama siku zote.

Katika mwezi wa pili mambo makubwa hufanyika upesi. Kati ya wiki ya 5 na ya 6 moyo huanza kupiga. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufungika kufikia wiki ya 6. Vichipukizi vya mikono na miguu hutokea. Kufikia wiki ya 8 mtoto ana urefu upatao sentimita moja na nusu, kama punje ya haragwe, na vidole vimeanza kupambanuka.

Hapa nataka tusimame kidogo. Mfereji ule usipofungika vema, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Je, ni mara ngapi tumesikia wakisema ya kuwa mtoto wa namna hii ni laana, au kwamba mama alitenda dhambi ya siri, au kwamba jirani fulani amemroga? Wanafunzi wa Bwana nao waliuliza vivyo hivyo juu ya yule aliyezaliwa kipofu, nasi twajua katika Yohana 9 jinsi Bwana alivyoikataa hesabu yao. Matabibu watuonyesha ya kuwa hatari hii hupungua sana mwanamke akiwa na asidi ya foliki ya kutosha mwilini. Hiyo imo katika mboga za majani na maharage. Tena kuna vidonge vyake, mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla ya kupata mimba hata wiki ya 12. Havizuii kila ajali, lakini huzuia nyingi. Angalieni basi, ndugu zangu: mfereji ule hufungika wakati mama bado hajajua kwamba ana mimba. Hii maana yake ni kwamba kumpenda mtoto hakuna budi kuanza kabla ya mtoto kuwapo. Kunaanza katika sahani ya binti na ya mke. Nyumba ambamo wanaume hula kwanza na kushiba, na wanawake hufuta masazo ya chungu, imekwisha kumnyima jirani asiyeonekana.

Katika mwezi wa tatu viungo vyote vikuu vimekwisha kuwekwa mahali pake. Mtoto ana urefu wa sentimita 5 au 6, na vidole vya mikono na miguu vimetengana. Chakula chake hupitia kondo la nyuma. Huko damu ya mama na damu ya mtoto hupita karibu sana, kama mifereji miwili ya maji iliyotengwa na ukingo mwembamba, pasipo kuchanganyika. Lakini ukingo ule hauzuii kila kitu. Pombe hupita, iwe mbege au gongo au bia ya dukani, na mtoto hana ini la kuiondoa. Hakuna kipimo cha pombe kijulikanacho kuwa salama kwake. Baba amwambiaye mke wake mwenye mimba anywe kidogo ili wafurahi pamoja, afahamu kwamba kikombe kile kina wanywaji wawili, na mmoja wao hawezi kukataa.

Mwezi wa nne mtoto hufikia uzito wa gramu 100 au zaidi kidogo, na mifupa huzidi kuwa migumu. Mwezi wa tano, kama wiki ya 18 hata ya 20, mama mwenye mimba ya kwanza humsikia akicheza. Aliyekwisha kuzaa humsikia mapema zaidi. Kwa karne nyingi, katika nchi nyingi, watu walidhani ya kuwa uhai waanza siku hiyo. Walakini chombo cha altrasaundi chatuonyesha ya kuwa mtoto alikuwa akijigeuza tangu kama wiki ya 8. Alicheza miezi 2 na zaidi, ila nguvu zake zilikuwa chache mno kumfikia mama. Yeye alikuwapo, sisi ndio tuliokuwa hatuna habari. Hili ni funzo kwa mtu awaye yote asemaye ya kwamba asichokiona hakimpasi.

Mwezi wa sita mtoto apata kama gramu 600. Alama za vidole vyake zimekwisha kuandikwa, wala hakuna mwingine duniani aliye nazo sawasawa. Masikio yake yameanza kusikia: moyo wa mama, sauti ya mama, na kelele za nyumba. Tukumbuke ya kuwa ilikuwa mwezi wa sita Mariamu alipofunga safari kwenda milimani kwa Elisabeti, na mtoto akaruka tumboni kwa kuisikia salamu. Luka aliyeandika habari hiyo ndiye ambaye Paulo, katika barua kwa Wakolosai, amtaja kuwa tabibu. Naye, kwa Kiyunani, alimwita mtoto yule wa tumboni brefos; na katika sura ya 2 alitumia neno lilo hilo kwa Mtoto aliyelazwa horini. Hakutafuta neno moja la aliyefichika na jingine la aliyeonekana. Tena fikirini: mtoto anasikia. Husikia nyimbo za jioni, na husikia matukano ya baba aliyerudi amelewa. Mama akipigwa na kuogopa, mtoto hayuko mbali na fujo ile. Yumo ndani yake, na pigo laweza kumwua.

Mwezi wa saba macho hufunguka, na uzito hufika kama kilo moja. Akizaliwa sasa aweza kuishi, ila kwa utunzaji mkubwa. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, tabibu Edgar Rey Sanabria aliona ya kuwa vyombo vya kuwapasha joto watoto njiti havitoshi. Akawaagiza akina mama wawafunge watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Njia hiyo imeenea duniani kote, na katika hospitali zetu pia. Vyombo vya gharama vilipokosekana, kifua cha mama kilitosha kuokoa wengi. Baba naye aweza kumbeba hivyo mama akichoka, wala si aibu.

Mwezi wa nane mtoto hupata mafuta chini ya ngozi, na ubongo wake hukua sana. Mwezi wa tisa mapafu hukomaa, kichwa mara nyingi hugeukia chini, na mama humpa urithi wa mwisho: kinga ya magonjwa hupita kwa wingi katika kondo la nyuma. Kwa sababu hiyo mama aliyechanjwa pepopunda amemchanja na mtoto wake pia. Akizaliwa kwa wakati wake, mtoto huwa na kilo 3, au pungufu kidogo au zaidi kidogo.

Basi hiyo ndiyo kazi ya Mungu, nayo yachukua miezi tisa. Sasa twaona deni letu. Mtoto hana mkono wa kupokea ila mkono wa mama yake. Kwa hiyo kila tumtendealo mama twamtendea yeye. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya la Dunia lashauri mama mwenye mimba aonane na watabibu mara 8. Huko hupimwa damu na shinikizo la damu, hupewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria, na hupimwa kaswende na virusi vya Ukimwi. Kaswende isiyotibiwa huua watoto wengi tumboni, na sindano ya penisilini yaiponya. Mama mwenye virusi akitumia dawa zake kwa uaminifu, hatari ya kumwambukiza mtoto huwa chini ya 5 katika 100. Lakini baba akikataa kupimwa, humrudishia mke wake ugonjwa ule ule alioponywa. Wanaume wa usharika, hili ni letu. Si haki kumwachia mke kliniki, na ndoo ya maji, na mzigo wa kuni, na lawama, kisha sisi kubaki na jina la baba tu. Tena fedha ya gari na iwekwe akiba mapema. Damu ikitoka, au kichwa kikiuma sana na macho kuona giza, au degedege ikimshika, saa ile si saa ya kuuza mbuzi.

Labda mwalimu mmoja ataniuliza: Je, twaweza kusema ni siku gani hasa mtoto huyu alianza kuwa mtu? Wenye hekima wameshindana juu ya siku hiyo tangu Aristotle, nao wangali wanashindana. Mimi nasema kwamba katika kazi ile tuliyoifuata hakuna mahali mfumaji alipokata uzi mmoja na kuanza nguo nyingine. Yule wa kilo 3 ndiye yule yule wa punje ya ulezi. Na Bwana hakumfundisha mwana-sheria kupima ni nani anayestahili kuitwa jirani. Aligeuza swali, akamtaka aangalie ni nani aliyejifanya jirani. Kwa hiyo hatungoji siku ya kumwonea shaka mtoto ipite. Mtu aonaye kitu kikisogea katika majani marefu, asijue kama ni mtoto au ni mnyama, hatupi mkuki kwanza.

Lakini kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Si kila mtoto hufika. Katika mimba 100 zinazojulikana, kama 10 hadi 15 huharibika, zilizo nyingi katika miezi mitatu ya kwanza. Na kama nusu ya hizo za mwanzo huharibika kwa sababu kulikuwa na kasoro tangu mbegu na yai zilipoungana, si kwa kosa la mama. Tena duniani kote watoto karibu milioni 2 kila mwaka huzaliwa wamekufa baada ya wiki ya 28. Sisi twafanyaje? Mara nyingi wanawake wachache humzika mtoto kimya kimya nyuma ya nyumba. Kengele haipigwi, mchungaji haitwi, na baada ya siku mbili mama huambiwa asilie kwa kuwa atazaa mwingine. Wakwe huanza kuulizana ni nani aliyemla mtoto. Na usiku mama yule hujiuliza neno asilothubutu kutuuliza sisi: mtoto wangu hakubatizwa, yuko wapi?

Walimu wapendwa, msimjibu kwa haraka, wala msikae kimya. Mwaka 1542 Martin Luther aliandika kijitabu kidogo cha kuwafariji wanawake waliopatwa na msiba huu. Aliujua nyumbani mwake, maana mwaka 1540 mke wake Katharina aliharibikiwa mimba, akawa karibu kufa. Aliwaonya wachungaji wasiwatie hofu akina mama ambao hawakukosa kwa uzembe wao. Alifundisha ya kuwa mama aaminiye, aliyetamani kumleta mtoto wake kwenye ubatizo, ugua kwake ni sala ya kweli, nayo Mungu huisikia. Maana Mungu ametufunga sisi kwa Sakramenti tusiidharau, lakini Yeye mwenyewe hakufungwa nayo asiweze kuokoa. Jibu hilo ni la Kanisa letu wenyewe, lenye umri wa karibu miaka 500, nasi tumeliacha kabatini.

Elimu ya siku hizi yaongeza neno dogo. Mwaka 1996 ilitangazwa ya kuwa chembe za mwili wa mtoto huvuka na kukaa katika damu ya mama hata miaka 27 baada ya kuzaa. Hivyo mama asemaye ya kwamba hawezi kumsahau, asemavyo ni kweli hata mwilini mwake. Tusimwamuru asahau.

Liko na deni jingine, nalo ni chungu. Binti akipata mimba pasipo ndoa, twamtenga na Meza ya Bwana, na pengine mwanamume aliyempa mimba aimba kwaya Jumapili ile ile. Sisemi dhambi isikemewe. Nauliza tu: mtoto aliye tumboni amekosa nini? Binti akiogopa uso wa wazee wa Kanisa kuliko kifo, atakwenda gizani kuiharibu mimba, na huko wengi hufa pamoja na watoto wao. Ikiwa hofu iliyomsukuma ilitoka kwetu, Bwana atatudai damu ya nani? Na aonywe kama mtoto wa nyumbani, na siku ile ile aulizwe kama amekula, na kama amekwenda kliniki. Na yule mwanamume aitwe kwanza.

Basi nawaombeni mambo machache yanayowezekana katika kila mtaa. Chama cha akina mama kiwajue wenye mimba wote, walioolewa na wasioolewa, na kugawana zamu za maji na kuni katika miezi ya mwisho. Katika sala ya Kanisa tuwaombee wao na watoto wao kila Jumapili. Na mtoto akizaliwa amekufa, mwalimu na afike, asimame na baba na mama kaburini, asome Neno, aombe; na wazazi wakitaka kumpa jina, na litajwe.

Mungu aliyetufuma sote gizani, tulipokuwa hatujui kumwita, alitupenda kabla hatujaonekana na mtu. Tusiwe na macho mafupi kuliko upendo wake. Yeye awalinde mama zetu na watoto wanaowachukua, awafariji waliopoteza, na atupe sisi kuwa jirani kwa wale tusiowaona. Amina.